Safari ya Kwanza ya Kuwinda: Ayala wa Ohio na Hukumu ya Maji

Kila mwanafunzi wa madrasa aliyefika kwenye kitabu cha Abu Shujaa, na baada yake Minhaj ya Imamu Nawawi, hupita katika mlango wa uwindaji na uchinjaji. Humo hufundishwa mshale unaotoboa na jiwe linaloponda, mbwa aliyefunzwa na asiyefunzwa, windo lililoanguka mbele ya macho na windo lililotoweka likapatikana baadaye. Sisi tumeusomesha mlango huo kwa miaka mingi hapa pwani, na kila mwaka wanafunzi hutuuliza swali lile lile: Sheikh, ni nani awindaye siku hizi?

Swali lao lina haki. Nchini Kenya uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ikazidi kukaza adhabu. Waboni, ambao wenyewe hujiita Aweer na ambao wengi wao ni Waislamu wenzetu, walikuwa wakiishi kwa upinde na asali katika misitu ya bara ya Lamu; wao pia walilazimika kuuweka upinde chini. Mtoto wa Mombasa au Malindi aliyezaliwa baada ya hapo hajaliona windo ila katika ukurasa wa kitabu. Kutii sheria hiyo ni wajibu wetu, wala makala haya hayamwiti mtu yeyote kuivunja.

Lakini ndugu zetu wametawanyika duniani, na katika nchi nyingine mlango huo wa kitabu uko wazi. Novemba iliyopita, sisi pamoja na mama watoto tulijaaliwa kumzuru dada yetu mdogo anayeishi na mumewe na watoto wake katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio, nchini Marekani. Huko ndiko tulikoandamana na shemeji yetu na mpwa wetu, kijana wa miaka 15, katika safari yake ya kwanza ya kuwinda. Tumeona ni vyema kuwasimulia wasomaji wetu watukufu, hasa akina mama wenye watoto ng'ambo, yale tuliyoyaona na hukumu iliyotufika tukiwa msituni.

Columbus ni mji mkubwa, nao una Wasomali wengi mno. Msikitini tuliwakuta pia Wabarawa, na masikio yetu yalifurahi kusikia Chimini, lugha iliyo ndugu wa Kiswahili chetu, ikisemwa katika baridi kali kama ile. Maduka ya nyama halali yapo. Hata hivyo, shemeji yetu alitueleza kwamba kazini kwake wenzake wengi huwinda kila mwaka, huyajaza majokofu yao nyama ya msituni, na watoto wao hufundishwa tangu wadogo. Katika baadhi ya wilaya za mashambani, shule hufungwa siku ya kwanza ya juma la bunduki, kwani wanafunzi na walimu wote huwa wameingia porini. Mpwa wetu alikuwa akizisikia habari hizo shuleni mwaka baada ya mwaka, na mwaka huu alimwomba baba yake ruhusa.

Mama yake hakuridhika. Usiku wa pili wa kufika kwetu, watoto walipokwisha lala, alitukalia kitako, akasema: "Kaka, mimi nimemleta mtoto huku asome. Sikumleta ajifunze kuua. Nachelea asije akawa na moyo mgumu."

Hatukumjibu kwa haraka, kwani neno lake lilikuwa na uzito. Mtume wetu (S.A.W.) amekataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha ya kuchezea, na wanavyuoni wamechukia uwindaji usiokuwa na haja ya chakula. Tulimwambia kwamba hofu yake ni ya kisheria kabla ya kuwa ya kimama. Tukamwekea masharti matatu: kwamba kijana ataingia msituni kwa nia ya kula na kulisha, kwamba hatarusha risasi ila baba yake amempa ishara, na kwamba hukumu ya nyama itakuwa mikononi mwetu, wala haitatazama nani amechoka na nani amefurahi. Dada alinyamaza, kisha akasema, "Haya. Mradi nawe utakuwapo."

Yafaa tueleze mnyama mwenyewe. Wengi wetu tukimwona pichani humwita swala au kulungu, lakini si yeye. Jina lake la kitabuni katika Kiswahili ni ayala, linalofanana na Kiarabu iyyal. Swala na kulungu wetu wana pembe za kudumu. Dume wa ayala huota pembe za mfupa zenye matawi, huziangusha kila mwaka majira ya baridi, kisha huota nyingine. Katika Afrika yote ayala wa asili hupatikana upande wa kaskazini tu, kama vile Tunisia na Algeria. Yule wa Ohio huitwa ayala wa mkia mweupe, kwa kuwa akishtuka huuinua mkia wake, na upande wa chini ukang'aa kama kitambaa cheupe kinachopepea baina ya miti.

Historia yake ina mazingatio. Wakulima walipokata misitu na kuwinda bila ya mpaka, ayala walitoweka kabisa katika jimbo hilo; ilipofika mwaka 1904 hapakuwa na hata mmoja porini. Baadaye walirudishwa, wakalindwa, na mwaka 1943 uwindaji ukafunguliwa tena katika wilaya tatu tu. Leo wamejaa. Katika miaka ya karibuni wawindaji hupata karibu ayala 200,000 kila msimu, na bado wanabaki wengi kiasi cha madereva kuwaogopa jioni barabarani. Ada za leseni, na kodi ya bunduki na risasi iliyotengwa na sheria ya taifa zima ya mwaka 1937, hurejea katika kuwahifadhi wanyama hao hao.

Nayo kanuni si legelege. Mpwa wetu alihudhuria mafunzo ya uwindaji wa salama, akafanya mtihani, ndipo akakatiwa leseni na vibali viwili vya ayala. Vijana wa miaka 17 na chini yake hutengewa siku mbili zao peke yao, Jumamosi na Jumapili, na hutakiwa wawe na mtu mzima ambaye yeye mwenyewe hawindi. Saa za kuwinda zinahesabiwa kwa jua: nusu saa kabla ya kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama. Kwenye shamba la mtu haingii mwindaji ila ana idhini ya maandishi. Shemeji alikuwa nayo, kutoka kwa mzee mmoja, baba wa mfanyakazi mwenzake, ambaye shamba lake liko katika Wilaya ya Vinton karibu na msitu wa Zaleski, mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka Columbus.

Palikuwa na jambo jingine la kutatua kabla ya kuondoka, nalo ni silaha. Wanavyuoni wa zamani waliposema kwamba windo la bunduqi halili, walikusudia kidonge cha udongo kinachoua kwa uzito wake, si kwa kutoboa. Bunduki ya risasi ilipodhihiri, wakakhitilafiana. Wako waliolikataza windo lake ila likikutwa na uhai likachinjwa, na miongoni mwa Mashafii wa nyuma wako wenye msimamo huo. Wako waliolihalalisha, akiwemo Imamu Shawkani wa Yemen, kwa hoja kwamba risasi hutoboa na kupenya kama mshale, bali zaidi ya mshale. Bunduki ya shemeji ilikuwa ile ya marisau, lakini badala ya marisau hutiwa risasi moja nzito. Sisi tulichukua rai ya waliohalalisha, tukamweleza kijana kwamba khitilafu ipo na kwamba anayetaka kujitoa ndani yake anao upinde, ambao msimu wake huko huanza Septemba na kuendelea hadi Februari. Tukamfundisha pia kutaja jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kufyatua. Kwetu Mashafii ni sunna iliyokokotezwa, kwa wengine ni sharti, na mwenye busara haiachi.

Tuliondoka Jumamosi kabla ya alfajiri. Ijumaa usiku shemeji alikuwa ametujia kwa adabu kubwa na ombi lililotuchekesha: tusijitie mafuta ya miski wala nguo zetu zisifukizwe udi, kwani ayala hunusa kutoka mbali kuliko anavyoona. Mama watoto alisema, "Leo Sheikh atatoka bila ya harufu yake, hata mimi sitamjua." Juu ya makoti mazito tulivaa vizibao vya rangi ya machungwa iliyokoza, ambavyo mwindaji wa bunduki analazimishwa kuvivaa ili wenzake wamwone. Cha ajabu ni kwamba jicho la ayala haliipambanui rangi hiyo. Mola amempa mnyama pua na masikio, na mwanadamu akapewa rangi ya kuepushiana shari.

Barabara ilipita miji ya Lancaster na Logan, kisha ardhi tambarare ikaanza kukunjamana kuwa vilima. Tuliswali Alfajiri uwanjani kwa yule mzee, juu ya nyasi zilizoganda kwa umande wa barafu, na nyuso zetu zikaelekea Kaskazini Mashariki, kwani ndiko kibla kiliko kwa aliye Ohio. Mzee alisimama kizingitini na kikombe chake cha kahawa mpaka tulipotoa salamu, ndipo akatukaribia na kutuonyesha kwa kidole: mashamba ya mahindi yaliyokwisha vunwa upande huu, miti ya mialoni upande ule, na katikati kijito kinachoteremka bondeni.

Tulikaa chini ya mwaloni mkubwa, watu watatu, migongo yetu shinani. Majani yalikuwa yamekwisha pukutika, yamelala ardhini kama busati la kahawia, na kila kindi aliyepita juu yake alisikika kana kwamba ni ng'ombe. Saa ya kwanza tulihesabu sauti. Saa ya pili baridi iliingia mifupani. Hakuja mnyama. Mchana tulirudi kwa mzee, tukaswali Adhuhuri, tukanywa chai ya tangawizi aliyotufungia dada katika chupa, kisha tukarejea chini ya mti wetu.

Kusubiri huko kuna ibada ndani yake kwa atakaye. Tulimnong'oneza kijana habari za Suratul Maidah, jinsi aya yake ya 94 inavyoeleza kwamba Mwenyezi Mungu huwajaribu waumini walio katika ihramu kwa windo linalofikiwa na mikono na mikuki yao, ili adhihirike amwogopaye Yeye kwa ghaibu. Windo liko karibu, mtu ana njaa, hakuna askari wala shahidi. Kinachomzuia ni nini? Kijana alisikiliza akiwa ameyaelekeza macho bondeni. Hatukujua kama neno limeingia.

Karibu na Alasiri, ayala jike alitoka pembeni mwa mahindi. Alitembea hatua tatu akasimama, akainua kichwa, akatembea tena. Shemeji alimgusa mwanawe begani. Tulimsikia kijana akisema "Bismillahi, Allahu Akbar" kwa sauti ndogo, kisha bunduki ikalia na bonde lote likaitika. Mnyama aliruka, akakunjama mgongo, akatokomea kwenye miti.

Wawindaji wa huko wana desturi ya kusubiri nusu saa au zaidi kabla ya kumfuata mnyama aliyejeruhiwa, ili alale chini. Kwetu sisi fiqhi yamtaka mwindaji alifuate windo lake kwa mwendo wa kawaida bila ya kuzembea, huenda akalikuta lina uhai akalichinja. Basi tulifuata. Tone la damu juu ya jani, kisha jingine, kisha hatua kumi bila ya tone, kisha damu iliyopakazwa kwenye shina la mti mchanga. Alama zote ziliteremka upande mmoja. Tulipotambua zinakoelekea, moyo wetu ulitangulia miguu yetu, kwani tuliijua hadithi ya Adiy bin Hatim, yule sahaba wa kabila la Tayy aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) maswali mengi ya uwindaji kuliko wengine. Miongoni mwa aliyojibiwa ni kwamba akilikuta windo lake limeanguka majini asile, kwani hajui ni maji yaliyoliua au mshale wake.

Kijana ana miguu myepesi. Alitutangulia, akateremka ukingoni, na kwa dakika kadhaa hatukumwona wala kumsikia. Kisha sauti yake ikaja kutoka chini:

"Mjomba, yumo majini."

"Kichwa ki wapi?"

"Kimezama."

Tulifika tukamkuta amesimama kando ya kidimbwi, mikono yake iko mbali na mnyama. Viatu vyake vilikuwa vikavu. Ayala alilala ubavu, maji yamemfunika kichwa na shingo, na damu kidogo ilikuwa ikichirizika kufuata mkondo. Tulimvuta nje pamoja. Hakuwa na uhai. Risasi ilikuwa imeingia nyuma ya mbavu, tumboni. Si moyoni wala mapafuni, pahala ambapo mnyama hupigwa akafa palepale.

Shemeji aliinama, akatazama jeraha muda mrefu. Kisha akatuambia kwa upole, "Sheikh, hakuna njia? Ni wake wa kwanza. Huenda alikufa kabla hajaanguka."

"Shemeji," tulimwambia, "hilo neno lako 'huenda' ndilo hukumu. Lau jeraha lingekuwa limemmaliza kabla ya maji, kama aliyekatwa koo au aliyepasuka moyo, tungekula kwa bismillahi. Lakini hapa tuna sababu mbili, moja ya halali na moja ya haramu, na asili ya nyama ni kutoliwa mpaka ithibiti imehalalika. Huyu haliwi."

Shemeji hakubishana. Alimshika mwanawe bega. Kijana alilia, hakulia kwa kelele, ila machozi yalimtoka na hakuyafuta. Alisema, "Basi nimemuua bure."

Katika miaka yetu yote ya kusomesha, hakuna mwanafunzi aliyewahi kuifahamu hukumu ile kama alivyoifahamu yule mtoto kwa maneno matatu. Tulimwambia kwamba hakuua kwa mchezo. Alinuia chakula, alitaja jina la Mola wake, na alimfuata mnyama wake. Lililobaki halikuwa mikononi mwake. Na tulimwambia jambo jingine, ambalo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Alifika kidimbwini peke yake. Aliijua hadithi ile. Tulikuwa tumemsomesha Ijumaa usiku. Lau angemvuta yule mnyama hatua mbili hadi ukingoni kabla hatujafika, tungemkuta amelala pakavu penye majani, tungemsifu, na nyumba nzima ingekula. Hapakuwa na mtu wa kumwona. Aliacha mikono yake mbali, akaita. Kile tulichomsomea chini ya mwaloni hatukuwa na haja ya kumsomea tena.

Mzee mwenye shamba alipopewa habari alishangaa, kwani kwake nyama ile ilikuwa safi. Hatukumuuzia, kwa kuwa kuuza mfu ni haramu kwetu. Tuliinua mikono yetu juu ya mnyama, tukamwambia amelala ardhini mwake na sisi hatuna haja naye. Afanye alionalo yeye. Kijana alimwandikisha kwa simu kama kanuni itakavyo, na kibali kimoja kikaisha. Mzee alimtazama kijana, akatuambia kwamba amewinda maisha yake yote wala hajaona mtu kuacha nyama kwa sababu ya maji. Kisha akamwambia arudi kesho.

Usiku, nyumbani, dada alitupokea mlangoni. Hakuuliza nyama iko wapi. Aliuliza, "Amelia?"

"Amelia," tukasema.

Alivuta pumzi. "Basi moyo wake u hai. Ingieni mle, wali utapoa." Tulikula wali wa nazi na samaki wa kukaanga, na hakuna aliyelalamika.

Jumapili tulirudi. Baada ya jua kupanda, ayala mwingine, jike mnene, alitoka kwenye mialoni akasimama akituonyesha ubavu wake wote, karibu kuliko yule wa jana. Shemeji alimgusa mwanawe begani. Kijana aliinua bunduki, akalenga, akakaa hivyo mpaka tukahisi pumzi zake, kisha akaiteremsha taratibu. Ayala alitusikia, akainua bendera yake nyeupe, akaondoka. Baba mtu alinong'ona, "Mbona hukupiga?"

"Nyuma yake kuna kijito, Baba. Angeteremka huko huko."

Siku ile tulirudi mikono mitupu kwa mara ya pili, na shemeji aliendesha gari akitabasamu njia nzima.

Nyama ilikuja baadaye, kwa riziki ya baba. Juma la bunduki la watu wazima huanza Jumatatu baada ya sikukuu yao ya Alhamisi ya mwisho-mwisho wa Novemba, na siku hiyo shemeji alimpata dume mdogo katikati ya shamba la mahindi, mbali na maji, akaanguka hapo hapo. Alipomfikia alikuwa amekwisha kufa, risasi imepita mapafuni. Tulimchuna na kumpasua uwanjani kwa mzee, na paja moja tukamwachia yeye kwa haki ya ujirani. Hili tulimpa kwa mkono, kwani lilikuwa letu.

Kwa mama zetu wenye kuuliza ladha: nyama ya ayala haina mafuta karibu kabisa, na rangi yake ni nyekundu iliyoiva. Ikipikwa kwa haraka hukauka ikawa kama ngozi. Dada aliikata vipande, akaipaka tangawizi, kitunguu thomu, ndimu na papai bichi lililotwangwa, akailaza usiku kucha. Sehemu moja akaipikia pilau kwa samli nyingi, sehemu moja ikawa mishkaki. Majirani wa msikitini walipelekewa sahani, na mwanamke mmoja wa Kibarawa akarudisha sahani yetu ina halwa. Mpwa wetu alikula kama wenzake. Mama yake alikuwa akimtazama, kisha akamwongeza nyama.

Enyi wasomaji wetu, kuna mambo matatu tuliyorudi nayo. La kwanza, wenye watoto ng'ambo wasiwafungie kila mlango wa nchi waliyomo, wala wasiufungue bila ya kuuliza. Mlango wa uwindaji una elimu yake, na elimu hiyo iko vitabuni mwetu. La pili, mama anapohofia moyo wa mwanawe asikilizwe. Masharti aliyowekewa dada yetu ndiyo yaliyoifanya safari ile kuwa mafunzo.

La tatu ni kwamba mtihani wa kidimbwi si wa Ohio peke yake. Mchinjaji wa kuku sokoni anayeshika wa kumi akiwa amechoka, mvuvi anayechanganya samaki wa jana na wa leo, karani anayehesabu fedha za mayatima ofisini mlango ukiwa umefungwa, na mama anayepima unga wa kuuza jikoni kwake, kila mmoja hufika ukingoni peke yake kabla ya wenziwe. Hatua mbili tu za kumvuta mnyama hadi pakavu, na hakuna ajuaye ila Yule asiyefichwa kitu.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu walio mbali na walio karibu, aturuzuku cha halali hata kikiwa kidogo, na atupe nguvu ya kukiacha chenye shaka hata kikiwa mikononi mwetu. Wallahu aalam.